Kibali cha Fashfashi ni Ahadi kwa Umma

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa serikali za mitaa na walimu, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa juujuu laonekana kuwa la anasa tu, nalo ni fashfashi, yaani zile fataki kubwa zinazorushwa angani na mafundi wakati wa sherehe za miji. Nimeombwa hasa niseme juu ya vibali vyake na bima yake. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini watu wenye kazi ya kusimamia maji, barabara, madawati na mitihani watumie jioni nzima kuzungumzia mwanga wa dakika 20.

Jibu langu ni kwamba hakuna starehe nyingine ambamo dola humruhusu mtu binafsi kulipua baruti juu ya vichwa vya maelfu ya wananchi. Mzazi anayempandisha mwanawe mabegani ili atazame hajasoma mkataba wowote, hajaona leseni ya fundi, wala hajui ghala la baruti liko wapi. Anaamini tu kwamba yupo mtu mahali fulani aliyeketi, akauliza, akapima, kisha akatia saini. Mtu huyo ni mtumishi wa umma. Ndiyo maana nasema kwamba kibali cha fashfashi ni ahadi ambayo serikali inampa mzazi yule, na bima ni dhamana ya ahadi hiyo.

Fashfashi si kitu kigeni kwetu. Zanzibar, usiku wa kuamkia 12 Januari, anga hupambwa kwa fashfashi kuadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964. Katika miji ya Bara wananchi huzitazama usiku wa Mwaka Mpya, na siku hizi zimeingia hata katika harusi na matamasha ya muziki. Kila mwezi wa Desemba Polisi hutoa onyo kwamba ni marufuku kulipua fataki na baruti bila kibali. Onyo hilo ni jema, lakini linamwonya asiye na kibali. Mimi leo nataka tumzungumzie yule aliye nacho. Je, tulipompa kibali kile, tulimuuliza nini?

BARUTI NI BARUTI

Kwanza tukumbuke kwamba fashfashi ni baruti. Sheria ya Baruti ya Uingereza ya mwaka 1875 ilizihesabu fataki kuwa namna ya baruti, na sheria nyingi za nchi zilizotawaliwa na Mwingereza zimefuata mkondo huo. Sisi tuna Sheria ya Baruti iliyotungwa mwaka 1963, na mambo ya baruti yako chini ya wizara yenye dhamana ya madini, kwa kuwa sehemu kubwa ya baruti nchini hutumika migodini na katika machimbo ya mawe.

Hilo lina mantiki yake, lakini lina matokeo yake pia. Anayeshughulikia baruti ni mtu wa madini. Anayeshughulikia umati ni Polisi. Anayeshughulikia moto ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Uwanja ni wa halmashauri, au wa shule, au wa mtu binafsi. Kampuni za bima zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Hatari ni kwamba kila mmoja anaweza kutia saini kipande chake kwa uaminifu kabisa, na bado asiwepo hata mmoja aliyeitazama shughuli nzima kwa mara moja. Mtu wa baruti ataridhika kwamba makombora yamehifadhiwa vema. Hataona kwamba lango la uwanja ni moja. Mtu wa uwanja ataridhika kwamba ada imelipwa. Hataona kwamba makombora ni makubwa kuliko uwanja wenyewe.

Nchini Uingereza halmashauri nyingi zina vikundi vya ushauri wa usalama, ambamo polisi, wazimamoto, watu wa huduma za dharura na maofisa wa halmashauri hukaa meza moja na mwandaaji kabla ya tamasha kubwa. Wao hawakuvumbua muujiza. Waliona tu kwamba majalada matano yaliyo katika ofisi tano hayazungumzi, bali watu watano waliokaa meza moja huzungumza.

WALIOKUFA HAWAKUUNGUA

Ndugu zangu, tukitaja hatari ya fashfashi, wengi wetu hufikiria mikono iliyokatika na nyumba zilizoshika moto. Hayo hutokea. Lakini maafa mawili makubwa ya fashfashi za Mwaka Mpya barani Afrika katika miaka hii hayakuletwa na moto.

Usiku wa kuamkia 1 Januari 2013, maelfu ya watu walikusanyika katika eneo la Plateau mjini Abidjan, Ivory Coast, kutazama fashfashi za kuukaribisha mwaka. Nchi ilikuwa imetoka katika vita, na fashfashi zile, zilizoandaliwa kwa sherehe ya hadhara na mamlaka za nchi, zilikuwa ishara ya amani. Zilirushwa, zikapendeza, zikaisha. Ndipo watu walipoanza kurudi makwao. Karibu na uwanja wa michezo wa Félix Houphouët-Boigny makundi yalisongamana, watu wakaanguka, wengine wakawakanyaga. Wapatao 60 walikufa, wengi wao watoto na vijana.

Miaka kumi baadaye, usiku wa kuamkia 1 Januari 2023, jambo la namna hiyohiyo lilitokea kwa jirani zetu. Katika jengo la maduka la Freedom City, kando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, watu walitoka kutazama fashfashi za saa sita ya usiku. Zilipokwisha, umati ulibanana katika njia nyembamba, na watu wasiopungua 9 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa watoto na vijana.

Sisi wenyewe tunaujua mkanyagano bila hata cheche moja ya baruti. Oktoba 2008, siku ya Idd el Fitri mjini Tabora, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko toto uliojaa kupita kiasi. Walimu mlioko hapa hamhitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo. Ni nusu ya darasa.

Kutokana na mifano hii tujifunze jambo moja. Fashfashi huwakusanya watu mahali pamoja kwa saa ileile, huwageuza wote kutazama upande mmoja, na inapokwisha huwaachilia wote kwa dakika moja. Soko huwa na watu wengi, lakini wanaingia na kutoka kutwa nzima. Fashfashi ina mwisho ambao kila mtu anauona. Basi ofisa anayechunguza makombora lakini hachunguzi malango amechunguza nusu ya hatari, na pengine ile nusu iliyo ndogo.

MASWALI YA KIBALI

Kibali kinachostahili jina hilo kitauliza maswali gani? Nitataja manne.

La kwanza: nani anarusha? Nchi za Umoja wa Ulaya zimezigawa fataki katika makundi manne. Kundi la 1 ni vitu vidogo vya nyumbani vyenye hatari ndogo sana. Kundi la 4 ni fashfashi kubwa ambazo haziruhusiwi kushikwa ila na mtu mwenye ujuzi maalumu. Mgawanyo huu una hekima, kwa maana hautwishi mzigo mmoja mtoto mwenye kijiti cha kumetameta na kampuni yenye lori la makombora. Mwombaji wa kibali atueleze yeye ni wa kundi gani, na fundi wake alifunzwa wapi. Haitoshi kusema kwamba alifanya mwaka jana na hapakutokea kitu.

La pili: anarushia wapi, na watu watasimama umbali gani? Hapa hatuhitaji kukisia. Kanuni inayofuatwa sana Marekani inataka futi 70 za nafasi tupu kwa kila inchi moja ya upana wa kombora. Kombora la inchi 3 linahitaji futi 210, yaani mita 64, kutoka kwenye mzinga hadi kwa mtazamaji wa karibu kabisa. La inchi 6 linahitaji mita 128. Sasa chukueni uwanja wa mpira wa shule. Urefu wake hauzidi sana mita 100. Ukiweka mzinga katikati ya uwanja, aliyesimama nyuma ya goli yuko mita 50 hivi tu, na aliye pembeni yuko karibu zaidi. Maana yake ni kwamba hata kombora dogo la inchi 3 halipaswi kurushwa katikati ya uwanja wa mpira uliozungukwa na watu. Hesabu hii ni ya darasa la tano. Ofisa anaweza kuifanya kwa penseli kabla hajafungua kidau cha wino.

Tena umbali huu hauwekwi kwa sababu fundi ni mjinga. Huwekwa kwa sababu hata fundi hodari hupatwa na hitilafu. Tarehe 4 Julai 2012, mjini San Diego, Marekani, fashfashi zilizopangwa kuchukua dakika kama 18 zililipuka zote karibu kwa pamoja, chini ya nusu dakika, kwa ajili ya kasoro ya programu ya kompyuta iliyokuwa ikiziwasha. Hebu fikirini: baruti ya usiku mzima kwa mkupuo mmoja! Lakini hakuna aliyejeruhiwa. Makombora yalikuwa juu ya matishari yaliyotia nanga ghubani, na watu walikuwa mbali ufukweni. Kesho yake mji ulicheka badala ya kuzika. Kosa la mashine ni moja. Kilicholigeuza kuwa kichekesho ni umbali.

La tatu: baruti inalala wapi kabla ya siku yenyewe? Swali hili hupuuzwa kwa sababu watazamaji hawalioni ghala. Tarehe 13 Mei 2000, katika mji wa Enschede nchini Uholanzi, ghala la fashfashi lililipuka mchana. Watu 23 walikufa, wanne kati yao wakiwa wazimamoto. Zaidi ya 900 walijeruhiwa. Nyumba zipatazo 400 ziliangamia. Ghala lilipojengwa miaka ya 1970 lilikuwa nje ya mji. Mji ulikua, nyumba za watu wa kawaida zikalizunguka, na ghala likabaki palepale. Tena lilikuwa na leseni. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba shehena iliyokuwamo ilikuwa nyingi na kali kuliko ilivyoruhusiwa, na kwamba mamlaka zilizopaswa kuisimamia hazikuisimamia ipasavyo. Karatasi ilisema neno moja, ghala likasema jingine, na aliyepaswa kwenda kulinganisha hakwenda au alifumba macho. Sisi ambao miji yetu inapanuka kila mwaka, ambao shamba la jana ni mtaa wa leo, tusiisome habari ya Enschede kama habari ya Wazungu.

La nne: majirani wameambiwa nini, na kesho asubuhi itakuwaje? Wakazi wa Dar es Salaam wana kumbukumbu ambayo miji mingine haina. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka Gongo la Mboto. Kila mara watu wasiopungua 20 walikufa, na watoto walipotezana na wazazi wao gizani na barabarani. Mama aliyekimbia usiku ule akiwa na mtoto mgongoni, leo akisikia mshindo bila taarifa hatauliza kama ni harusi. Atakimbia tena. Kibali kimlazimishe mwandaaji kuutangazia mtaa mapema, kwa kipaza sauti na kwa wajumbe wa nyumba kumi, siku gani na saa ngapi, na hospitali iliyo jirani iambiwe kwa barua.

Kuhusu asubuhi: si kila kombora hulipuka. Baadhi hurudi chini yakiwa mazima. Ndiyo maana kanuni ileile ya Marekani inawataka mafundi kulikagua eneo mara baada ya onyesho, na kulirudia tena kunapopambazuka. Asiporudi fundi alfajiri, atakayefika wa kwanza ni mtoto anayekwenda shule, na mtoto akiona kitu cha karatasi chenye rangi nzuri haulizi kina nini ndani. Kukagua huku kuandikwe katika kibali, na mwandaaji asirudishiwe amana yake ya uwanja mpaka mkaguzi atie saini asubuhi.

NANI ATALIPA?

Sasa nije kwenye bima. Neno hili huwachosha watu wengi, na hudhaniwa kuwa ni jambo la matajiri. Sivyo hata kidogo. Tajiri akiumia anazo fedha za matibabu. Bima ninayoizungumzia ni ya yule asiyezo.

Tuelewane kwanza ni bima ipi. Siyo ile ya kumfidia mwandaaji mvua ikimharibia sherehe. Hiyo ni biashara yake. Ninayoisema ni bima ya dhima kwa watu wengine: mwandaaji akimdhuru mtazamaji, jirani au mali yao, kampuni ya bima iwalipe. Ni ndugu wa ile tunayoiita bima ndogo ya gari. Sheria yetu haimruhusu mwenye gari kuukuu la kubebea mkaa kuingia barabarani bila bima hiyo, kwa hoja kwamba anaweza kumgonga mtu asiyeweza kumlipa. Kama hoja hiyo ni halali kwa gari la mkaa, yawezaje kuwa si halali kwa mtu mwenye mamia ya makombora juu ya umati?

Wenzetu wamelitambua hilo. Halmashauri nyingi za Uingereza hudai bima ya pauni milioni 5 au 10 kabla ya kuruhusu onyesho katika ardhi yao. Miji mingi ya Marekani hudai dola milioni 1 au zaidi kwa kila tukio. Hatulazimiki kuiga tarakimu zao. Tunalazimika kujiuliza swali lao: watu kadhaa wakiumia usiku mmoja, kitahitajika kiasi gani, na kiko wapi?

Bima isipokuwapo, sote tunajua kitakachotokea. Viongozi watafika hospitalini, zitatolewa rambirambi, utapitishwa mchango. Rambirambi ni utu wetu, na Mungu atuepushe na siku tutakapouacha. Lakini rambirambi si fidia. Haimsomeshi yatima hadi kidato cha nne, wala haimnunulii mguu wa bandia aliyepoteza wake. Na mzigo uliobaki huangukia hazina ya umma, yaani mkulima wa Namtumbo aliyeko mbali na fashfashi hizo ndiye anayelipia starehe iliyomtajirisha mtu mwingine mjini.

Tena msidhani kwamba ofisi iliyotoa kibali hubaki salama. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station huko West Warwick, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, bendi iliwasha fataki ndani ya ukumbi bila kibali. Kuta zilikuwa zimepambwa kwa sponji inayoshika moto upesi. Watu 100 walikufa. Wenye klabu hawakuwa na bima ya wafanyakazi wao, nao wakatozwa faini ya zaidi ya dola milioni 1 kwa kosa hilo. Wafiwa na majeruhi walishtaki makampuni na taasisi nyingi, na baada ya miaka ya kesi zikapatikana dola zipatazo milioni 176. Miongoni mwa waliolipa walikuwamo serikali ya jimbo na ule mji wenyewe, kila mmoja dola milioni 10. Kwa nini mji ulipe? Kwa sababu mkaguzi wake wa moto alikuwa ameingia ukumbini humo zaidi ya mara moja, na ile sponji haikuandikwa katika ripoti zake. Ukaguzi wa kupita tu uliwagharimu walipa kodi wa mji mdogo mamilioni.

Kwa hiyo ofisa anapoletewa hati ya bima asiitazame kama mhuri mwingine wa kutimiza idadi. Atazame mambo haya. Je, kikomo cha fidia kinalingana na ukubwa wa umati? Je, hati inaitaja halmashauri na mwenye uwanja kuwa nao wamekingwa? Je, tarehe zake zinaanza siku baruti inaposhushwa na kuishia asubuhi ya ukaguzi, au ni za saa mbili tu za onyesho? Je, vijana wanaochimbia mizinga na kuwasha tambi wamesajiliwa na mwajiri wao katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi? Na mwisho, je, hati yenyewe ni ya kweli? Kuipigia simu kampuni iliyoitoa hakumalizi dakika tano.

Zaidi ya hayo, kibali na bima hushikana kama kufuli na ufunguo. Kampuni ya bima aghalabu huweka sharti kwamba masharti ya sheria yatimizwe. Mwandaaji akirusha kombora kubwa kuliko lililoandikwa, au akifunga lango lililopaswa kuwa wazi, kampuni inaweza kukataa kulipa. Basi kibali kilichoandikwa kwa mstari mmoja, “ameruhusiwa kulipua fashfashi,” kinawaachia mawakili uwanja wa kubishana huku wenye msiba wakingoja. Kibali kinachotaja ukubwa, umbali, malango na saa kinamlinda hata marehemu.

PINGAMIZI TATU

Najua yapo maneno yatakayosemwa dhidi ya haya.

Wengine watasema kwamba huu ni urasimu utakaoua ajira za vijana wanaojitafutia riziki katika sherehe. Nakubali kwamba urasimu ni adui. Lakini urasimu ni kumwambia mwombaji “njoo kesho” mara sita bila kumwambia anachopungukiwa. Fomu moja yenye ramani, mkutano mmoja wa ofisi zote, na jibu kabla ya siku zilizowekwa, huo si urasimu. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa. Kijana mwenye ujuzi hufaidika nao kuliko yeyote, kwa maana leo anashindwa katika bei na mtu asiyenunua bima wala asiyekodi wazimamoto.

Wengine watasema bima ni ghali. Ni kweli kwamba inagharimu. Lakini gharama hiyo ni sehemu ya bei ya fashfashi, kama baruti yenyewe. Mwandaaji asiyeweza kuilipa hajapunguza gharama. Amemhamishia mtazamaji bila kumwambia.

Pingamizi la tatu halisemwi kwa sauti, nami nitalisema. Ni kwamba sherehe ikiwa ya serikali, au ya Chama, au ya mtu mkubwa, maswali haya hayaulizwi. Simu inapigwa, na jalada linapita. Ndugu zangu, kumbukeni tena Abidjan. Ile ilikuwa sherehe ya hadhara, kwa nia njema ya amani, na nia njema haikupanua njia. Umati haujui mwandaaji ni nani. Kama kuna sherehe zinazopaswa kuwa za kwanza kupimwa umbali, kuhesabiwa malango na kukatiwa bima, ni zile zinazofanywa kwa jina la wananchi wenyewe. Kiongozi anayeipenda heshima ya Chama chake hatakasirika akiletewa orodha ya masharti. Atamshukuru aliyemletea. Na mtumishi anayeogopa kuileta afikirie ni simu ipi ngumu zaidi kuipokea: ya mkubwa kabla ya sherehe, au ya hospitali baada yake.

WAJIBU WA MWALIMU

Nimalizie na walimu. Ninyi hamtoi vibali, lakini viwanja vyenu huombwa, na wanafunzi wenu ndio wanaojaza mistari ya mbele. Mwandaaji akija kuomba uwanja wa shule, mwalimu mkuu ana haki ya kuomba kuona kibali na hati ya bima kabla ya kukubali mchango wa madawati. Umbali wa mita 64 uwe zoezi la hesabu darasani. Wanafunzi waupime kwa kamba katika uwanja wao, waone wenyewe unafika wapi. Na kila mtoto afundishwe sheria mbili nyepesi. Akiona kitu cha fashfashi kimelala chini, asikiguse, amwite mtu mzima. Na fashfashi zikiisha, asikimbilie langoni. Ahesabu hadi mia moja, aende kwa mwendo wa kawaida. Mtoto aliyejifunza hayo shuleni atamfundisha baba yake nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuzima furaha ya mtu. Watu waliofanya kazi mwaka mzima wana haki ya kuinua macho yao usiku mmoja na kustaajabu. Ninachoomba ni kwamba wakati wao wanatazama juu, awepo mtu anayetazama chini: anayetazama mizinga, umbali na malango, na anayejua kesho ni nani atakayelipa. Mwaka Mpya ujao, maombi yatakapowasili mezani kwenu, msianze na mhuri. Anzeni na ramani ya uwanja, mwulizeni mwombaji watu watatokea wapi, na asipoweza kuwajibu, mrudishieni karatasi zake.